Ufunguo wa Wimbo Uko kwa Nani

Desemba 2009 nilirudi Tanga kwa likizo nikitokea Uingereza, nilikokuwa nikisoma, na miongoni mwa zawadi nilizobeba ilikuwamo fleshi moja ndogo ambayo niliithamini kuliko manukato na nguo zote zilizokuwa begini. Ndani yake niliweka nyimbo 41 za taarabu na dansi, nilizozinunua mmoja mmoja tangu mwaka 2006 katika duka la muziki la mtandaoni, kwa fedha niliyoipata nikifanya kazi ya usiku ya kupanga bidhaa ghalani. Nilitaka shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kukaa kimya na kuusikiliza wimbo mpaka mwisho, azisikie sauti za ujana wake zikiwa safi, bila ule mvumo wa kanda zilizochakaa.

Sebuleni kwake Ngamiani tuliichomeka fleshi kwenye deki. Majina ya nyimbo yakajitokeza kwenye televisheni, yote 41, yamepangika vizuri. Lakini kila tulipochagua wimbo, deki ilisita kidogo kisha ikauruka na kwenda kwenye unaofuata, nao ikauruka, mpaka orodha ikaisha bila sauti hata moja kutoka. Shangazi alikuwa amekaa na kikombe chake cha kahawa, anasubiri. "Usijali mwanangu," akaniambia, "labda hii deki ndiyo mbovu."

Deki haikuwa mbovu. Binamu yangu alinipeleka kwa kijana mmoja mwenye kibanda karibu na Barabara ya 12, kibanda chenye kompyuta moja, spika mbili na kibao cha "Tunaingiza nyimbo". Kijana aliifungua fleshi, akatazama mafaili kwa muda usiozidi dakika moja, akanigeukia. "Kaka, hizi zimefungwa. Hazipigi popote isipokuwa kwenye kompyuta uliyonunulia. Ila nyingi katika hizi mimi ninazo. Nikuingizie?" Nikamwambia aniingizie. Alikuwa nazo 30 kati ya zile 41, akanitoza shilingi mia moja kwa kila wimbo, na jioni ile shangazi alisikiliza mpaka wakati wa kulala.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi. Nyimbo zile nilizilipia mara mbili. Malipo ya kwanza yalikuwa halali, na naamini sehemu yake, hata kama ilikuwa ndogo, iliwafikia waimbaji au warithi wao. Lakini nyimbo nilizopewa kwa malipo hayo hazikuweza kumfikia mtu niliyezinunua kwa ajili yake. Malipo ya pili yaliishia mfukoni mwa kijana wa kibandani, mwimbaji hakupata hata senti, na ndiyo yaliyomfikishia shangazi muziki. Sijawahi kukubali kwamba mambo yalilazimika kuwa hivyo. Nilipokuja kuchunguza jinsi makufuli ya kidijitali yalivyotengenezwa, nilijikuta narudi kila mara kwenye swali moja tu ambalo sikulisikia likiulizwa na waliotetea makufuli hayo wala na waliojisifu kuyavunja: ufunguo unakaa kwa nani?

Usiku ule ule, nyimbo za kibandani zilipomalizika, shangazi alivuta kutoka chini ya kitanda boksi la kanda zake. Nyingine zilirekodiwa harusini, kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya kiti mbele ya kikundi, na ndani yake husikika vigelegele, watoto, na jina la bwana harusi likitajwa. Nyingine zilitoka Mombasa, enzi ambazo Mbwana Radio Service ilirekodi na kuuza taarabu ya pwani nzima. Nyingine alizinasa mwenyewe kutoka Redio Tanzania Dar es Salaam, na mwanzo wa wimbo umekatwa kwa sababu ilibidi amsubiri mtangazaji amalize kusema ndipo abonyeze.

Aliyewahi kuishi na kanda anakumbuka vile vijino viwili vya plastiki vilivyo ukingoni, upande ulio kinyume na pale utepe unapoonekana. Ukikivunja kijino, redio inakuta tundu, na kitufe cha kurekodi kinakataa kubonyezeka. Kanda haifutiki tena kwa bahati mbaya wala kwa mkono wa mtoto. Ukibadili nia, unaziba tundu kwa selotepu au kwa kikaratasi kilichokunjwa, na kanda inapokea sauti upya. Hilo nalo lilikuwa kufuli. Watengenezaji wa kanda waliona kwamba sauti iliyohifadhiwa inahitaji ulinzi, wakaweka kinga, lakini uamuzi wa kufunga na kufungua wakamwachia mwenye kanda, ambaye kwa kufunga alihitaji ncha ya kisu na kwa kufungua alihitaji kipande cha selotepu.

Kufuli lililofunga nyimbo zangu lilijengwa kwa nia nyingine kabisa. Wimbo wa kidijitali ni mfululizo mrefu wa namba, na kufuli huzivuruga namba hizo kwa hesabu ambayo haiwezi kurudishwa nyuma bila kuijua namba nyingine ya siri, ambayo ndiyo ufunguo. Unaponunua wimbo, seva ya duka, yaani kompyuta yake kuu, huipa kompyuta yako ufunguo uliofungamanishwa na mashine hiyo. Ukihamia mashine nyingine, programu inapiga hodi tena kwenye seva na kuomba ruhusa, na duka linaamua. Apple, kwa mfano, iliruhusu wimbo ulionunuliwa iTunes upigwe kwenye kompyuta tano. Hesabu ya tano haikutoka katika sheria yoyote, ilitoka katika makubaliano ya muuzaji na kampuni za muziki, na mnunuzi hakuwa na kiti katika kikao hicho. Deki ya shangazi haikuwa na njia ya kupiga hodi popote, kwa hiyo mbele yake wimbo wangu ulikuwa rundo la namba zisizo na maana.

Kufuli la namna hii lina udhaifu ambao hakuna fundi anayeweza kuuondoa. Ili mtu asikie wimbo, lazima namba zirudishwe katika hali yake na sauti itoke kwenye spika. Maana yake ni kwamba ufunguo unapaswa kuwekwa ndani ya nyumba ya mtu yule yule ambaye kufuli linamshuku kuwa mwizi. Na hata ufunguo ukifichwa kwa ustadi wa kiasi gani, sauti ikishatoka inaweza kurekodiwa upya kwa waya wa shilingi elfu mbili. Anatosha mtu mmoja, mahali popote duniani, kuufungua wimbo mara moja, kisha nakala iliyo huru inazunguka kwa kila anayeitaka. Ndiyo maana kijana wa kibandani, ambaye hakuvunja chochote na huenda hakujua hata namna ya kuvunja, alikuwa na nyimbo zilizo wazi, huku mimi niliyelipa nikiwa na zilizofungwa. Kufuli halikumgusa kwa sababu hakupita mlangoni.

Najua kampuni za muziki hazikuyabuni makufuli haya kwa uovu mtupu. Napster ilianza mwaka 1999, na katika miezi michache mamilioni ya watu walikuwa wakipeana nyimbo bila kulipa; mahakama za Marekani ziliisimamisha mwaka 2001, lakini nafasi yake ilichukuliwa na programu nyingine nyingi. Hofu ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, hofu iliwafanya wapigane na wateja wao. Septemba 2003, chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani kilianza kuwashitaki watu binafsi, na miongoni mwa walioshitakiwa mwanzoni alikuwa msichana wa New York mwenye umri wa miaka 12, ambaye mama yake alikubali kulipa dola 2,000 ili shauri liishe.

Kisa ambacho kilinifungua macho zaidi ni kile cha Sony BMG cha mwaka 2005. Kampuni hiyo iliuza CD zilizokuwa na programu iitwayo XCP, iliyotengenezwa na kampuni ya Uingereza ya First 4 Internet. Mtu alinunua CD dukani, akaiweka kwenye kompyuta ya Windows ili asikilize, na programu hiyo ikajipenyeza ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta na kujificha humo. Ilifanya zaidi ya kujificha yenyewe: faili lolote ambalo jina lake lilianza kwa herufi $sys$ halikuonekana tena na mwenye kompyuta. Tarehe 31 Oktoba 2005 mtaalamu aitwaye Mark Russinovich alichapisha maelezo ya jinsi alivyoikuta kwenye mashine yake mwenyewe. Hazikupita wiki mbili, watengenezaji wa virusi wakaanza kuvipa virusi vyao majina yanayoanza kwa herufi zile zile, ili navyo visionekane. Kampuni ilizirudisha CD hizo kutoka madukani mwezi Novemba, wakati zilikwisha kutengenezwa takribani milioni 4.7 na kuuzwa milioni 2.1. Watafiti walioichambua XCP walikuta ndani yake vipande vya LAME, programu huria ya kutengenezea mafaili ya MP3, vilivyochukuliwa bila kufuata masharti ya leseni yake. Kampuni iliyoajiriwa kulinda haki za watunzi ilikuwa imechukua kazi za watunzi wengine.

Naomba msomaji aangalie ni nani aliyeumia. Aliyepakua albamu hizo bure hakupata madhara yoyote. Aliyeharibiwa kompyuta ni yule aliyeingia dukani na kulipa.

Februari 2007 Steve Jobs wa Apple aliandika barua ya wazi ambayo, pamoja na kwamba ilikuwa na maslahi ya kampuni yake ndani, ilikuwa na hesabu moja isiyopingika. Kwa mujibu wake, mwaka 2006 maduka yote ya mtandaoni duniani yaliuza nyimbo zisizofika bilioni 2 zenye kufuli, na mwaka huo huo kampuni zile zile za muziki ziliuza nyimbo zaidi ya bilioni 20 kwenye CD zisizo na kufuli lolote. Yaani muziki ulikuwa unatoka kiwandani wazi, mlango wote umeachwa, halafu kufuli linawekwa kwenye kidirisha. Aprili mwaka huo kampuni ya muziki ya EMI ikakubali kuuza nyimbo zake bila kufuli, Amazon ikafungua duka la MP3 zilizo wazi mwezi Septemba, na Januari 2009 Apple ikatangaza kwamba nyimbo zote za iTunes zitauzwa bila kufuli. Dunia ya biashara ya muziki haikuanguka kwa sababu hiyo.

Lakini waliokwisha kununua kabla ya hapo waliachwa na mafaili yaliyofungwa, na hapo ndipo ulipoonekana wazi uzito wa ufunguo kukaa kwa muuzaji. Aprili 2008 Microsoft iliwaandikia wateja wa duka lake la MSN Music kwamba baada ya tarehe 31 Agosti haitatoa tena ruhusa ya kuhamishia nyimbo kwenye kompyuta mpya. Kelele zilipozidi ikasogeza tarehe mbele kwa miaka mitatu. Julai mwaka huo Yahoo ikatangaza kwamba itazima seva zake za ruhusa mwishoni mwa Septemba, kisha ikawafidia wateja. Watu walielezwa kwamba nyimbo zao hazijaguswa. Kweli hazikuguswa. Kilichoondoka ni uwezekano wa kuzisikia siku kompyuta itakapokufa.

Duka langu mimi lilikuwa dogo kuliko hayo na sitalitaja. Niliporejea masomoni Januari 2010 niliwaandikia kuomba ruhusa ya kuzitoa nyimbo zangu 41. Jibu lilikuwa barua pepe ya mistari minne: huduma ya ruhusa ilikwisha kufungwa, wateja walitaarifiwa mapema wazichome nyimbo zao kwenye CD, na tarehe ya mwisho ilikuwa imepita. Taarifa hiyo waliipeleka kwenye anwani niliyokuwa nimeiacha. Kompyuta yangu ilikufa mwaka 2011. Mafaili ninayo hadi leo. Nimeyahamisha kutoka diski moja hadi nyingine, yapo 41, na hakuna hata moja linalotoa sauti.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Karibu miaka mia imepita. Waliozirekodi wameondoka na ulimwengu ule wa biashara umefutika, lakini santuri ya wakati huo iliyotunzwa ukiizungusha chini ya sindano inaimba, kwa sababu santuri haimwombi mtu ruhusa. Faili nililonunua mwaka 2006 limekufa kabla ya kufikisha miaka sita. Ninapofikiria kwamba sehemu ya muziki wetu ingeweza kuhifadhiwa kwa namna hii peke yake, ninaingiwa na hofu ambayo si ya mteja aliyepoteza fedha. Ni hofu ya mtu anayetoka katika jamii ambayo kumbukumbu zake nyingi zimesalimika kwa sababu kulikuwa na mtu, mahali fulani, aliyekuwa na nakala.

Sheria nazo ziliifuata teknolojia katika njia hii. Mikataba ya Shirika la Haki Miliki Duniani iliyopitishwa Geneva Desemba 1996 iliziagiza nchi zilinde makufuli haya kisheria, na Marekani ikatunga sheria yake Oktoba 1998, Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001. Tangu hapo, mahali pengi kosa si kudurufu kazi ya mtu bila ruhusa tu; kulivunja kufuli lenyewe kunaweza kuwa kosa, hata kama ulichotaka kufanya ndani kinaruhusiwa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inatambua nakala ambayo mtu hujitolea kwa matumizi yake binafsi. Shangazi alipovinasa vipindi vya redio kwa ajili ya kusikiliza jikoni kwake, hakuwa mwizi. Kufuli halina uwezo wa kutambua tofauti hiyo. Halimjui mtu anayemchezea mama yake wimbo na mtu anayechapa CD elfu kumi za kuuza. Kwa kufuli wote ni mashine isiyo na ruhusa. Hakimu angeuliza ulikusudia nini. Namba haziulizi.

Hadi hapa nimesema kama msikilizaji, na haki nzima haiko kwa msikilizaji. Katika kanda za harusi za shangazi kuna sauti moja ya kike inayojirudia, sauti nzito yenye mtetemo mdogo mwishoni mwa kila ubeti. Mwaka 2014 nilimtafuta mwenye sauti hiyo, nikamkuta anaishi na wajukuu wake upande wa pili wa mji, mzee lakini mwenye kumbukumbu kali. Nilimwamkia, nikajieleza mimi ni mtoto wa nani, kisha nikamwekea wimbo kwenye simu. Alifumba macho. Ulipoisha aliniuliza, "Umeutoa wapi huu? Mimi mwenyewe sina hata kanda moja."

Tulizungumza mchana kutwa. Alinieleza kwamba harusini alilipwa na wenye shughuli, na waliotuzwa walituzwa hapo hapo, noti zikibandikwa au kuwekwa mikononi. Watu kurekodi na kupeana kanda majumbani hakukumkera hata kidogo. Kwa kanda hizo aliitwa Pangani, Mombasa, hata Pemba. Kilichomuuma mpaka leo, na sauti yake ilibadilika alipokuwa akikieleza, ni kwamba wapo waliochukua kanda hizo wakazirudufu dukani kwa mamia na kuziuza miaka na miaka bila kumwambia, na hata alipokwenda kuuliza hakukuta karatasi yoyote yenye jina lake. Mali bila daftari hupotea bila habari, alisema, na daftari halikuwahi kufunguliwa.

Maneno yake yalinipanga upya. Katika simulizi yake yote hapakuwa na mahali ambapo kufuli lingemsaidia. Kama kanda zile zingefungwa, ufunguo ungekaa na mwenye duka, yule yule aliyemdhulumu, na wa kwanza kunyimwa wimbo angekuwa yeye mwenyewe, ambaye sauti yake niliipata kwa sababu watu waliruhusiwa na vyombo vyao kuirithisha. Alichokikosa ni jina lake katika daftari, mkataba anaoweza kuusoma, na chombo cha kuhesabu. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayempa jirani wimbo na mtu anayeuza wimbo wa mwenzake, na watu wa pwani walikuwa wakiijua tofauti hiyo kabla hatujafundishwa neno uharamia, ambalo limewafunika wote wawili kwa shuka moja.

Ndiyo maana siku hizi ninapotaka kujua kama mpango fulani utamfaa mwanamuziki, siangalii unafunga nini, naangalia unagawa vipi. Tanzania ilianza mwaka 2013 kubandika stempu za kodi za TRA kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Ilikuwa njia ya kuhesabu, ingawa ilikuja wakati watu walikwisha kuhamia kwenye memori kadi na simu. Nchini Kenya, watu ambao wangeweza kurushiwa wimbo wowote bure kwa Bluetooth walikubali kulipia miito ya simu ya Skiza, kwa sababu kulipa kulikuwa rahisi, kunakatwa kwenye salio, na mtu aliona fahari kumsikilizisha anayempigia. Fedha ilikuwapo bila kumfunga mtu. Ugomvi ukawa juu ya nani anaichukua, na Bunge likaingilia: marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yakaweka kwamba sehemu ya mwenye kazi isipungue asilimia 52, mtandao wa simu upate asilimia 39.5 na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5. Hayo ni mapambano ya kweli, ya asilimia na daftari. Mdundo, huduma ya muziki iliyoanzia Nairobi mwaka 2013, iliwapa watu MP3 zilizo wazi na kuweka tangazo fupi la sauti mwanzoni mwa wimbo, kisha kugawana mapato na wasanii. Wimbo ukirushwa kutoka simu hadi simu, tangazo linasafiri nao. Sipendi matangazo mbele ya muziki, lakini naheshimu mpango unaokubali kwamba watu watapeana nyimbo na kumtafutia msanii riziki ndani ya kupeana huko.

Hata Sheria ya Fedha ya Tanzania ya mwaka 2022 iliingiza tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kudurufu na kuhifadhi kazi. Wazo hilo lina umri mrefu. Ujerumani Magharibi ililiweka katika sheria yake mwaka 1965, ilipoona kwamba mashine za kurekodi zimekwisha kuingia majumbani na hakuna polisi atakayesimama sebuleni kwa kila mtu. Ninaliunga mkono kwa sharti moja, kwamba fedha hiyo iwafikie watu kama yule bibi na isiishie kwa majina yanayosikika redioni wiki hii. Nikinunua fleshi leo nalipa kitu kwa ajili ya watunzi. Basi fleshi hiyo iwe huru kubeba muziki.

Kufuli, hata hivyo, limerudi, safari hii kwa upole mkubwa. Spotify, huduma ya kusikiliza muziki kupitia mtandao, ilifunguliwa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi mwaka 2021, na vijana wa nyumbani kwetu wanaitumia pamoja na Boomplay. Ni huduma nzuri kwa mengi na mimi ni mteja. Lakini wimbo uliouhifadhi kwenye simu kupitia Spotify umefungwa, na simu isipoingia mtandaoni angalau mara moja katika siku 30, wimbo unanyamaza. Mpwa wangu anaita orodha yake "nyimbo zangu". Nilijaribu kumweleza kwamba amezikodi, akanijibu kwa adabu kwamba haoni tofauti, mradi anazisikia. Nilimwelewa, kwa kuwa anayekodi nyumba nzuri haoni tofauti mpaka siku mkataba unapokatwa. Hapa angalau jina la mkataba ni la kweli: analipa kwa mwezi na anajua analipa kwa mwezi. Mimi niliandikiwa "umenunua".

Shangazi alifariki mwaka 2019. Boksi la kanda nimelirithi mimi, na kwa miaka miwili nilikuwa nikizihamishia kwenye kompyuta jioni moja moja, redio kaseti ikiunganishwa kwa waya mwembamba, kila kanda ikichukua muda wake kamili kwa kuwa sauti ya zamani haikubali kuharakishwa. Zilizokuwa zimekwama nilizirudisha kwa kalamu ya biki, kama tulivyofundishwa utotoni. Mafaili niliyoyapata nimeyaacha wazi. Nakala ya kwanza nilimpelekea yule bibi kwenye fleshi, pamoja na redio ndogo inayoisoma, na kabla sijatoa nakala nyingine yoyote nilimuuliza nani wapewe. Alitaja watu saba, akaniambia wajukuu wake nao wapewe, na dukani zisiende. Tuliandika hivyo kwenye karatasi, akatia saini.

Kanda zenyewe nimezirudisha ndani ya boksi. Mbili kati yake bado zilikuwa na vijino vyake, mojawapo ikiwa ile ya harusi ambayo sauti yake ni safi kuliko zote. Nilichukua kisu cha jikoni nikavivunja vyote vinne, kisha nikaiweka selotepu kwenye kona ya boksi, mahali ambapo atakayelifungua baada yangu ataiona.